Mahali pa Mti

Schaerbeek, 6 Oktoba 2024

Baba Mkubwa Hamadi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba miguu haikusumbui kama mwaka jana. Sisi hapa hatujanenepa wala hatujakonda. Baba anakwenda kiwandani Forest, upande wa pili wa jiji, kila asubuhi kufunga milango kwenye magari mapya, ingawa wameshaambiwa kiwanda kitafungwa kabla ya Machi. Anasema mtu anayejua siku ya kufa kwa kazi yake huifanya vizuri kuliko wote. Mama anamjibu kuwa hayo ni maneno ya mtu asiyetaka kutafuta kazi nyingine. Yeye bado anahudumia wazee majumbani. Mimi niko mwaka wa mwisho wa sekondari. Sina rafiki mpya wa kukutajia. Nina kadi mbili za maktaba.

Najua hupendi simu, na kwamba ulimwambia Baba uso wa mtu ndani ya kioo ni uso wa mtu aliyezama. Kwa hiyo barua hii nimempa Crispin, jirani yetu wa ghorofa ya tatu, anayekwenda na kurudi Bujumbura kwa biashara ya viatu.

Sasa neno lenyewe. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi huandika kazi ndefu, kurasa thelathini, juu ya kitu alichokichagua mwenyewe. Mwalimu wetu wa historia alinishauri niandike juu ya safari ya familia yetu. Kila mwaka humshauri hivyo kila mwenye jina kama langu. Ana kabati zima la safari zetu, na naamini hajazisoma, maana maswali anayouliza hayabadiliki. Nikamwambia nitaandika juu ya picha ya ibada ya Kihindu. Alinitazama kama mtu aliyeagiza chai akaletewa supu. Akasema picha hizo zinapendeza, ni mapambo mazuri sana. Nikasema, ndiyo, Madame. Jibu zuri nililipata nikiwa ndani ya tramu, kama kawaida yangu.

Picha yenyewe iko kwa Bibi Kokila, mmoja wa wazee wa Mama. Ni Mhindi wa Bujumbura, mjane. Mumewe alikuwa na duka la vitambaa Quartier Asiatique, mtaa wa Wahindi, wakakimbia vita mwaka 1993 kama Baba. Anaishi Forest, na Jumatano mchana, shule inapofungwa mapema, mimi huenda kukaa naye. Ana miaka themanini na mmoja na anadharau kila kitu: mkate wa hapa, daktari, mwanawe wa Antwerp ambaye humwita "meneja", na Kiswahili changu. Anasema nazungumza kama redio ya serikali. Chake yeye ni cha sokoni, na akikutukana hutafuti kamusi.

Chumbani kwake ukuta mmoja mzima umefunikwa na kitambaa kilichochorwa. Mwanzoni nilidhani ni pazia. Wanawake wamesimama safu mbili, kulia na kushoto, mikono imenyooshwa, wameshika mashada ya maua. Wameacha waume, watoto na vyungu mekoni kwa sababu wamesikia filimbi ya Krishna msituni. Bibi anasema hilo ndilo pendo. Mengine yote ni mapatano. Na katikati amesimama Krishna mwenyewe, wa buluu, filimbi mdomoni, macho makubwa.

Nimesoma vitabu vinne juu ya vitambaa hivi. Huitwa pichwai, yaani kitu cha kutundikwa nyuma, kwa sababu mbele yake husimama sanamu. Na katika vile vya msimu wa mvua, kama hiki, katikati hakuchorwi mungu. Huchorwa mti tu. Wanawake wanaunyooshea mti mashada yao, kwa kuwa wampendaye haonekani. Waandishi wote wanne wanasema kumpenda asiyeonekana ndiyo ibada ya juu kabisa.

Nikarudi kukitazama cha Bibi. Wanawake wamechorwa kwa brashi nyembamba kama unywele, na rangi yao ni kavu kama vumbi. Krishna anang'aa. Anang'aa kama kibao cha kinyozi. Ukisimama ubavuni, nyuma ya bega lake unaona majani.

Bibi anasema tu kwamba mwaka 1991 kitambaa kilinyeshewa, kikapelekwa Buyenzi kwa fundi wa vibao, "Mwislamu mmoja mwenye majivuno". Wewe umeandika vibao Buyenzi miaka arobaini. Je, unamjua fundi huyo?

Naomba radhi kwa urefu wa barua.

Mwanao,
Rukiya


Buyenzi, 21 Novemba 2024

Rukiya mwanangu,

Marahaba. Crispin amenifikishia barua yako pamoja na soksi ambazo sikuziomba. Hapa petroli hakuna. Magari yamepanga foleni hadi wenye nayo wanaletewa chakula humo humo. Binti yangu, dada yako Yasmina, ameolewa tarehe mbili. Bwana arusi ni mfupi lakini ana adabu. Miguu yangu ni miguu, haina habari.

Barua yako nimeisoma mara moja na yatosha. Nilikutumia vitabu vya Kiswahili ili usigeuke mjinga wa Kifaransa, na wewe umekichukua Kiswahili hicho ukaniandikia habari za masanamu. Baba yako anajua? Ni shule gani hiyo inayompa mtoto wa Kiislamu kurasa thelathini juu ya mchunga ng'ombe wa buluu anayewapigia filimbi wake za watu? Na wewe unaliita pendo. Wake za watu walioacha vyungu mekoni nimewaona, Buyenzi haikuwakosa, na hakuna aliyewachora ukutani.

Fundi unayemuuliza simjui. Mafundi wa vibao walikuwa wengi, wengine wamekufa, na waliobaki hawakumbuki kazi za Wahindi. Kazi yenyewe ni ya kitoto tangu mwanzo: wanawake wote uso mmoja, kama waliopigwa muhuri, na chini wale ng'ombe kumi na wawili, wa mwisho kageuza shingo kama aliyesahau kitu nyumbani. Mchoraji asiyejua kuchora hujaza ng'ombe.

Andika juu ya madaraja. Ulaya ina madaraja mazuri, na daraja halina macho.

Baba yako mkubwa,
Hamadi


Schaerbeek, 15 Desemba 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Tumefurahi kwa ajili ya dada Yasmina. Mama anasema mpe hongera, na kwamba ufupi wa mume hauonekani tena baada ya mwaka wa kwanza. Baba ameletewa kazini karatasi ya kusaini na ameiweka chini ya redio. Hapa mvua hainyeshi wala haiachi.

Barua yako nimeisoma mara tano, kwa sababu mimi sielewi haraka. Kila barua ninayokuandikia huitolea nakala. Nimeitazama nakala ya ile ya Oktoba. Baba Mkubwa, sikukuandikia juu ya ng'ombe. Humo hamna ng'ombe hata mmoja. Jumatano nikaenda kuwahesabu. Ni kumi na wawili, na wa mwisho amegeuza shingo.

Nimefundishwa kuwa mtu mzima haambiwi amesema uongo. Kwa hiyo nasema tu kwamba unakikumbuka vizuri kitambaa ambacho hujakiona.

Nisingekusumbua, lakini limetokea jambo. Mwanawe Bibi anataka mama yake ahamie nyumba ya wazee Antwerp, na kitambaa kipelekwe jumba la makumbusho. Wiki iliyopita alimtuma mtaalamu aje kukitazama, mwanamke aliyevaa glavu nyeupe. Hakumsalimia Bibi; alikisalimia kitambaa. Bibi amekaa hapa miaka thelathini na Kifaransa chake bado ni kuuliza bei na kushukuru kwa merci, kwa sababu hajaona mtu wa kustahili zaidi ya hapo. Nikaambiwa nitafsiri.

Yule mtaalamu alisema wale wanawake ni kazi ya zaidi ya miaka mia na hamsini, kazi ya mabingwa. Halafu akamwelekezea Krishna kidole. Alisema ni takataka. Ni rangi ya milango, imepakwa na mtu ambaye hakujua anagusa nini. Bahati nzuri rangi ya mafuta imekaa juu tu. Kwa dawa na pamba itatoka yote katika wiki mbili, na mti utaonekana tena. Jumba halitakipokea kitambaa kikiwa na "ce bonhomme", yaani jamaa huyu. Alisema hivyo, kama mtu anayemzungumzia mlevi aliyelala kwenye kiti cha basi.

Bibi akaniuliza amesema nini. Nikamwambia: anasema kitambaa ni kizuri sana na atarudi Aprili.

Bibi akasema, "Maneno yote yale kwa hilo tu? Hawa hulipwa kwa neno."

Sijalala vizuri tangu siku ile. Nilidanganya kwa kukata, na sijui kama nilimlinda au nilimwibia. Kila asubuhi Bibi huoga, huvaa sari safi, huweka kikombe cha maziwa mbele ya huyo Krishna wa rangi ya milango na kumuuliza habari za usiku. Mama amemsikia akimgombeza pia. Siku moja nilimkuta akimwambia, "Leo umenuna, na mimi sina nafasi ya kununa kwako." Siamini anachokiamini. Lakini sijamsikia mtu akizungumza hivyo na mtu mwingine yeyote, hata Baba na Mama.

Nataka kujua aliyemchora alikusudia nini. Kama alikuwa mjinga tu, Aprili nitatafsiri kila neno na yatakayokuwa yawe. Kama ni zaidi ya hapo, tafadhali niambie wewe, kabla sijaambiwa na mwenye glavu.

Rukiya


Schaerbeek, 9 Februari 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Wote wazima. Baba amebakiwa na siku chache za kazi na amenyoa ndevu, hatujui kwa nini.

Crispin amerudi bila jibu. Anasema ulisoma barua umesimama mlangoni, ukaikunja, ukamuuliza kama Ulaya rangi ya mafuta hudumu. Kisha ukamfungia mlango.

Darasani huwa nasikia wenzangu wakijisifu kwa mambo yasiyo na maana, viatu na safari za Hispania, na mimi hunyamaza, na ndani ya moyo wangu husema: nina baba mkubwa Buyenzi ambaye hakuwahi kumwogopa mtu. Naona itabidi nitafute cha kujisifia kingine.

Rukiya


Buyenzi, 24 Februari 2025

Rukiya,

Marahaba. Nyumbani ni wazima. Ramadhani inaingia baada ya siku chache na sitaki kuingia nayo nikiwa na jambo hili mdomoni. Unanichokoza kwa woga. Watoto waoga ndio wabaya zaidi: hawapigi kelele, wanahesabu ng'ombe.

Ni mimi.

Mume wake alikileta kimefungwa kwenye magazeti. Paa lilikuwa limevuja. Upande mmoja umeota ukungu na shina la mti limebanduka. Akasema nisafishe ukungu na nirudishe shina, basi. Nikakitundika karakana. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, na Bujumbura nzima hapakuwa na fundi wa kunisogelea. Uliza, wapo wazee wanaokumbuka. Nikawatazama wale wanawake. Ishirini, wamejipamba, wanaposa mti. Vijana wa karakana walicheka mpaka wakakaa chini, na mimi nikacheka nao. Nikasema, hawa Banyani hata kuabudu hawajui, wamesahau kumchora bwana mwenyewe. Mtu akiniagiza kibao cha kinyozi, siachi mahali pa kichwa pakiwa wazi. Nikachukua kalenda ya duka la sukari yenye picha ya bwana huyo, nikamchora yule mpiga filimbi juu ya mti wao, kwa rangi niliyokuwa nimepakia mlango wa bucha. Siku mbili, huku napiga mluzi. Macho mimi huyaweka mwisho. Niliyaweka asubuhi ya siku ya tatu.

Elewa vizuri, maana vitabu vyako vinne vimekuharibu. Sikumchora kwa upendo. Nilimchora ili niwacheke.

Mume alipokuja alikaa juu ya kopo la rangi, akanieleza. Ndipo nikajua kuwa mti haukuwa kosa. Mbele ya kitambaa kile palikuwa na sanamu lao la kurithi, na kaka yake mkubwa aliondoka nalo walipogawana nyumba. Mke alibaki na kitambaa. Miaka tisa alikuwa akiamka, akioga, akiweka maziwa mbele ya mahali patupu. Mume akaenda kumleta. Nikajiandaa kutukanwa, na matusi yangu nilikuwa nayo tayari.

Alitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Macho uliyaweka lini?"

Nikasema, leo asubuhi.

Akavua viatu, pale pale kwenye matone ya rangi na maranda ya mbao. Akasema, "Basi amefika leo."

Nikamwambia, mama, usinitie dhambini. Nimechora kwa dharau, si kwa kitu kingine. Petroli hii hapa, nitamfuta sasa hivi. Alinitazama kama unavyomtazama mtumishi aliyekosa adabu mbele ya mgeni.

"Najua umechora kwa dharau," akasema. "Sina macho? Amekuja hivyo hivyo. Wewe ni nani umzuie?"

Wakakichukua wakaenda zao.

Tangu siku ile sijachora kiumbe chenye macho. Vibao vyangu vya vinyozi vina mkasi peke yake. Watu wakasema Hamadi ameshika dini. Imamu alinisifu mbele ya watu, siku ya Ijumaa, nikanyamaza, na kunyamaza kule ndiko ambako sijajisamehe. Nimeswali miaka thelathini na mitatu nikijua kuwa kuna mahali mtu anaamka asubuhi na kukiinamia kitu kilichotoka mkononi mwangu.

Kwa hiyo huyo mwanamke wa glavu kwangu ni rehema. Mwache afute. Tafsiri kila neno, na ongeza langu: mwambie yule mama kwamba aliyechora anaomba kifutwe. Wewe ni mtoto wa nyumba hii na hiyo ndiyo kazi ninayokutuma. Usiniandikie tena habari za pendo.

Hamadi


Schaerbeek, 6 Aprili 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na Idi njema ingawa imepita. Tuliswali msikitini huku huku Schaerbeek, Mama akapika pilau la watu kumi nasi ni watatu. Baba sasa yuko nyumbani. Anapiga pasi kila kitu, hata soksi.

Nimefanya ulichonituma. Mtaalamu alikuja Jumatano, na karatasi za kusaini, na zile glavu. Nilikuwa nimeandika kwenye kijitabu kila alichosema Desemba. Nikamsomea Bibi yote kwa Kiswahili: takataka, rangi ya milango, dawa na pamba, wiki mbili, mti. Nikamwambia pia kuwa mara ya kwanza nilimficha. Mtaalamu akatazama saa.

Bibi alianza kwa kuuliza kama mwanamke yule alioga asubuhi, maana kidole chake kiko karibu mno na uso wa Krishna. Hilo sikulitafsiri.

Halafu nikamwambia kuwa fundi aliyemchora ni wewe, kaka yake baba yangu, na kwamba unaomba afutwe. Akauliza kama uko hai. Nikasema ndiyo. Akauliza kama bado unachora. Nikasema vibao, bila macho. Alicheka mpaka nikamshika bega asianguke.

"Yule mwenye majivuno," akasema. "Mpaka leo anadhani ni yeye aliyefanya."

Mtaalamu aliona tunacheka, akaamua kutuelimisha. Akaeleza polepole, kama kwa watoto, kwamba uzuri wa kitambaa hiki ni ile nafasi ya katikati. Kwamba kumngoja asiyeonekana ndiyo ibada ya juu kabisa. Baba Mkubwa, ni maneno yale yale ya vitabu vyangu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyajaza kurasa kumi na nne. Nikayatafsiri, na yalipotoka mdomoni mwangu kwa Kiswahili nikayaonea haya.

Bibi akasema, "Muulize, yeye amengoja nini maishani mwake? Basi? Mimi nimekaa mbele ya ule mti miaka tisa. Nisielezwe uzuri wake na mtu aliyekuja na pamba."

Nilimtafsiria mtaalamu hivi: Madame anafikiri. Naona nina tabia ya kukata. Lakini safari hii sikuona haya.

Ningeweza kuishia hapo. Ila nilikuwa nimetumwa. Nikamwambia Bibi yale ya imamu, na miaka thelathini na mitatu ya swala zako. Sikutia chumvi. Hapo hakucheka. Kisha akasema, na nimeyaandika pale pale ili nisikosee:

"Mwambie hivi baba yako mkubwa. Kama anataka huyu aondoke, amwombe mwenyewe aondoke. Mimi simfukuzi mgeni ambaye sikumleta mimi. Aandike barua kwa Krishna mwenyewe, si kwangu wala si kwako. Wewe utaisoma hapa, mbele yake, kwa sauti. Akimwomba, nitasaini siku hiyo hiyo, na huyu wa glavu aanze kusugua."

Nilimuuliza kama anasema kweli. Akasema yeye ni mke wa mwenye duka, hakati kitambaa mara mbili.

Mtaalamu amempa Bibi hadi mwisho wa Mei. Mwanawe amepiga simu akakubali, maana anadhani mama yake ameshindwa. Kwa hiyo sasa liko mikononi mwako peke yako. Andika utakavyo. Nitaisoma yote, na sitakata neno.

Rukiya


Buyenzi, 19 Mei 2025

Rukiya,

Marahaba. Yasmina ni mjamzito. Mwambie Baba yako aache pasi atafute kazi.

Barua hiyo nimeiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa ya matusi. Nilipoimaliza nikaona nimemtukana mtu, na asiyekuwapo hatukanwi. Nikaichana. Ya pili nilianza, Ewe rangi. Mzee wa miaka sabini na mmoja, ameketi mezani, anaiandikia rangi. Hiyo sikuichana, niliichoma, Yasmina akija kunitembelea asije akaiona. Ya tatu ilikuwa na neno moja tu: Ondoka. Nikaipenda kwa ufupi wake. Nikaitia kwenye bahasha, nikatoka kwenda kumtafuta Crispin, na njiani neno lile likanigeuka. Ondoka huambiwa aliyefika. Nikimwambia aondoke nimekiri kuwa alikuja. Na nikikiri hivyo nitakuwa nimefanya kwa akili zangu timamu, uzeeni, nikiwa na udhu, kile ambacho ujanani nilikifanya kwa mzaha. Nisipomwambia, anabaki. Ya nne haikufika hata kwenye wino.

Yule mama alijua. Alikaa na mtaalamu wako wa glavu na vitabu vyako vinne, akatushinda sote kwa sentensi moja, kama alivyonishinda mwaka ule akiwa miguu mitupu. Sikupenda siku ile na sipendi leo.

Kwa hiyo hakuna barua. Kamwambie mtaalamu akatafute mti mahali pengine, miti haijaisha. Mimi nitakwenda mbele ya Mola wangu na kosa langu likiwa zima. Yeye ndiye atakayelipima, si jumba la makumbusho.

Usidhani nimelainika. Nimesikia kuwa kazi yako ya shule utaisoma mbele ya walimu mwezi ujao. Jina langu lisiwemo.

Limebaki jambo moja, nalo ni la kazi tu. Ile buluu niliizimua kwa mafuta ya taa ili itoshe, na niliipaka kabla kitambaa hakijakauka vizuri. Haipendi joto. Kama ukuta ule una hicho chuma chenu cha joto, kitambaa kihamishwe ukuta mwingine kabla baridi haijarudi. Na huko Antwerp wakimhamisha, wasikikunje hata kidogo. Wakizungushie kwenye mti wa mviringo, mnene kama paja, rangi ikiwa upande wa nje, la sivyo atapasuka shingoni. Simama hapo wewe mwenyewe wakifanya.

Usimwambie yametoka kwangu.

Hamadi